Arobaini ya Wapi?

Kikundi cha WhatsApp: UKOO KIBOSHO – SENDOFU YA NEEMA (sherehe ya kumuaga bibi harusi)

Jumanne

Mamdogo Anna (Dar): Shikamooni wakubwa. Wadogo, habari za jioni. Kesho asubuhi naingia Kariakoo kuchukua viatu vya wapambe. Kila mmoja aweke namba yake hapa hapa, asinifuate pembeni. Ni mchuchumio wa dhahabu, kisigino cha wastani. Nikishatoka pale sirudi, lile joto mnalijua.

Shangazi Kibosho: Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie.

Happy: 39

Glori: 38, ila kuna vingine navaa 39

Tumaini: Mimi 40. Raba 41. Simpo, vile vya chini, 39.

Baba Junior (Mweka Hazina): Ndugu zangu, kabla hatujafika kwenye viatu naomba kukumbusha michango. Ukurasa wa pili wa ahadi bado mweupe.

Mamdogo Anna (Dar): Tutafika huko Baba Junior. Tumaini mama, sasa nichukue ipi kati ya hizo tatu?

Tumaini: Hata mimi sijui Mamdogo 🤣 miguu ni hii hii miwili

Mama Glori: Pasaka Glori alinunua 38 hapa mjini, muuzaji akaapa "itaachia mama, hii ngozi". Mpaka leo iko kwenye boksi. Kilichoachia ni vumbi.

Eliasi Memorial: Mamdogo shikamoo. Usiende na namba. Nenda na sentimita.

Mamdogo Anna (Dar): Marahaba Eli. Sentimita za nini tena, nashona magauni?

Eliasi Memorial: Namba ya kiatu haipimi mguu wako. Inapima kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiwanda kinavalisha ngozi juu yake. Kila kiwanda kina kalibu zake: hii nyembamba, hii pana, hii imechongoka mbele. Vyote vinaandikwa 39.

Ba'mkubwa: Eliasi, arobaini ni arobaini. Enzi zetu unaingia Bata, unataja namba, unapewa kiatu, unaondoka.

Eliasi Memorial: Shikamoo Ba'mkubwa. Ni kweli, kwa sababu mlikuwa mnanunua kwa kampuni ile ile kila mara. Ukizoea kalibu za kampuni moja, namba yako hapo haikudanganyi. Leo mzigo unatoka kila kona ya dunia. Hapa sokoni Memorial kwenye mtumba wa viatu, mteja akiniambia arobaini namuuliza, arobaini ya wapi?

Happy: Ya mwizi 😂😂

Glori: 😂😂😂 Happy wewe

Ba'mkubwa: Marahaba. Haya tueleze, maana kuna kitu kinanisumbua. Moka zangu za ngozi alizoniletea marehemu kaka kutoka Italia ni 45, navaa nasahau kama nimevaa. Za juzi kutoka Kariakoo ni 45, nimevaa misa moja, kidole gumba kikalia. Halafu Tausi wa Mama Glori 36 yake ya Kariakoo inamvuka akitembea. Sasa ni ndogo au ni kubwa?

Eliasi Memorial: Swali zuri hilo, na jibu ni hesabu tu. Naandika kirefu kidogo.

Baba Junior (Mweka Hazina): Andika, mimi naendelea kuhesabu ahadi.

Eliasi Memorial: Namba ya Ulaya, kila hatua ni theluthi mbili za sentimita. Zidisha. 45 ni kalibu ya sentimita 30. 36 ni kalibu ya 24. Kalibu inakuwa ndefu kuliko mguu ili vidole vipumue, tuseme sentimita moja na nusu hivi. Kwa hiyo 45 ya Italia ni ya mguu wa 28.5, na 36 ni ya mguu wa 22.5.

Viatu vingi vya China vinahesabiwa vingine. Ndani au chini ya soli utaona 230, 245, 250. Hizo ni milimita za mguu wenyewe. Namba ndogo inayoandikwa pembeni yake inapanda moja kila milimita 5, sio kila 6.7 kama Ulaya. 245 ni 39, 250 ni 40. Hapo katikati Mchina na Mzungu wanakaribiana sana, ndio maana wa 39 halalamiki. Ukienda pembeni wanaachana. 45 ya China ni 275, yaani 27.5. Ba'mkubwa umepunjwa sentimita nzima. 36 ya China ni 230, yaani 23, wakati ya Ulaya ni 22.5. Tausi kaongezwa nusu.

Mama Glori: Weee! Kumbe mtoto hakosei kutembea

Ba'mkubwa: Aisee. Na mimi nilikuwa nasingizia chumvi, nikasema miguu imevimba.

Shangazi Kibosho: Chumvi punguza hivyo hivyo.

Glori: Eli na zile za Uingereza? Raba yangu imeandikwa 6, ya Tumaini 6, na ya kwangu haimwingii

Eliasi Memorial: Ya Uingereza kila hatua ni theluthi ya inchi, kama milimita 8 na nusu. Walianzia kwenye punje ya shayiri zamani huko, msiniulize shayiri inahusu nini na mguu. Sasa hatua ya 8.5 na hatua ya 6.7 hazilingani, kwa hiyo kila kampuni inakadiria inavyojua. Adidas yenye UK 6 inasoma Ulaya 39 na theluthi. Nike ya kiume yenye UK 6 inasoma 40. Geuza ulimi usome lebo: Adidas hapo kwenye JP, yaani namba ya Japani kwa milimita, ina 245, Nike kwenye CM, yaani sentimita, ina 25. Nusu sentimita ya tofauti na wote wameandika 6. Marekani ndio usiseme, 8 ya kike na 8 ya kiume zinapishana namba moja na nusu. Kwenye mtumba lebo ikifutika nusu, mteja anachukua 8 anayodhani ni yake anafika nayo nyumbani analia.

Eliasi Memorial: Ndio maana nasema tafuta pale penye CM au JP. Hiyo ndiyo inazungumzia mguu.

Mamdogo Anna (Dar): Sawa mwalimu. Wapambe wote, nipeni sentimita. Mnapimaje Eli?

Eliasi Memorial: Wapime sasa hivi, jioni, mguu ukiwa umeshatembea siku nzima. Asubuhi mguu unakuwa mdogo. Karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uegemee mguu huo huo. Mwingine aweke alama kwenye kidole kirefu, kalamu isimame wima isiingie chini ya kidole. Miguu yote miwili. Kirefu ndicho cha kutuma. Na kwa watu ambao kidole cha pili kimepita gumba, pimeni hicho cha pili.

Happy: [picha] 23.8

Eliasi Memorial: Happy umekaa kitandani na rula imelala kwenye godoro. Simama.

Happy: Umejuaje 🙄

Happy: 24.3 nikisimama

Glori: Kulia 23.9 kushoto 24.2

Tumaini: Kulia 25.1. Kushoto 25.6. Mungu wangu.

Mamdogo Anna (Dar): 25.6 ni namba gani Eli?

Eliasi Memorial: Kwa hesabu ya China, 255 ni 41 na 260 ni 42. Kwa 25.6 anza na 260.

Tumaini: AROBAINI NA MBILI??? Mimi?? Hiyo ni namba ya Junior

Baba Junior (Mweka Hazina): Junior anavaa 43. Nayo ni ahadi iliyonishinda kulipa.

Shangazi Kibosho: Tumaini mwanangu, namba iko chini ya soli. Nani atainama ukumbini aisome?

Tumaini: Mpiga picha Shangazi 😭

Mama Glori: Mimi wakati wangu nilikuwa navunja njiti ya ufagio kwa urefu wa mguu wa mtoto, naenda nayo sokoni natumbukiza kwenye kiatu. Ikigota narudisha. Anna vunja chelewa tu, sentimita za nini.

Eliasi Memorial: Mama Glori njiti ni nzuri kwa viatu vya shule. Kwa mchuchumio inadanganya mara mbili. Soli imepinda na njiti haipindi, inapita juu kwa juu. Halafu kama mbele kumechongoka, njiti inafika kwenye ncha ambayo kidole hakiwezi kufika. Mamdogo kata ukanda wa boksi laini, lile la unga wa ngano linatosha, urefu wa mguu, upana kama wa vidole viwili. Uupindishe ulale kwenye soli ya ndani. Ukianza kujikunja mbele, acha hicho kiatu.

Mamdogo Anna (Dar): Boksi ninalo. Naandika na majina.

Anko Mlima: Nimeshuka jana, naona mada ni miguu. Nyie mnacheza. Njooni mwone vidole vya wageni pale geti la Mweka wakishuka Kilimanjaro. Kutoka kileleni Uhuru mita 5,895 mpaka getini ni zaidi ya mita 4,000 za kuteremka. Buti iliyokuwa "saizi yangu kabisa" dukani inagonga vidole njia nzima, kucha zinakuwa nyeusi. Mtu anapojaribu buti namwambia avae soksi nene atakazopandia, asimame kwenye mteremko, agonge mbele. Kidole kikigusa, hapana.

Happy: Anko sisi tunaenda ukumbini

Anko Mlima: Kisigino kirefu ni mteremko. Utasimama kwa masaa sita unateremka.

Eliasi Memorial: Anko kamaliza. Kwenye mchuchumio mguu unateleza mbele. Ndio maana kiatu kikubwa hakisaidii, kinakuachia uteleze zaidi. Wapambe wote wachukuliwe vyenye mkanda wa kufunga kwenye kifundo.

Jumatano

Mamdogo Anna (Dar): Niko dukani. Muuzaji kaniuliza namba, nimemwonyesha vipande vya boksi vyenye majina. Kaita wenzake waje waone.

Mamdogo Anna (Dar): [picha] Eli hapa kuna 240 halafu 1.5 kwenye mabano. Na hiki 240 na 2.5. Ni bei?

Eliasi Memorial: Ni upana. Namba ikipanda kiatu kinapanuka. Kwa miguu ya Kibosho iliyokua peku kwenye shamba la kihamba, chukua 2.5 bila kufikiri. 1.5 itawabana hapa kwenye vifundo vya vidole, na atakwambia itaachia. Ngozi ya kweli inaachia upana kidogo, urefu haiongezi hata kwa maombi. Ile ya plastiki haiachii chochote.

Mamdogo Anna (Dar): Ni plastiki.

Eliasi Memorial: Basi kama hakiingii leo, hakiingii.

Mamdogo Anna (Dar): Happy 245 nimepata. Glori 245, ya 240 boksi lilijikunja. Tumaini 260 ipo MOJA tu ya dhahabu, nimeishika kwa mikono miwili.

Tumaini: Nakupenda Mamdogo ❤️ usipige picha ya chini

Mamdogo Anna (Dar): Nimekubaliana naye ambacho hakitaingia nitabadilisha kabla ya Jumapili, ilimradi kisiwe kimetembea nje. Kwa hiyo wasichana, mkijaribu ni juu ya zulia. Mzigo unapanda basi la usiku.

Baba Junior (Mweka Hazina): Asante sana Anna. Nauli ya mzigo inatoka fungu gani?

Ba'mkubwa: Fungu la moka zangu. Eliasi nitakuletea uziuze, zimevaliwa misa moja.

Eliasi Memorial: Zilete Ba'mkubwa. Nitamtafuta mtu wa 27.5.

Shangazi Kibosho: [sauti 1:12]

Happy: Kwa wasioweza kusikiliza: ni Bibi kwenye simu ya Shangazi, anauliza yeye mbona hajapimwa. Mchuchumio hataki, na ndala kanisani havai. Anataka kiatu cheusi cha ngozi kisichomgusa kile kinundu cha gumba.

Mamdogo Anna (Dar): Jamani Bibi! Happy mpime basi.

Happy: Nimempima amesimama ameshika meza. Kushoto 23.4, kulia 24.0. Kuzunguka hapo kwenye kinundu nimepita na futi ya fundi cherehani, kulia imezidi kushoto sentimita 1.2. Anauliza kama ni ugonjwa.

Eliasi Memorial: Mwambie watu wengi mguu mmoja unazidi mwingine. Ila kwa kinundu hicho kiatu cha dukani kitamtesa. Ukinunua cha kulia, kushoto kinapwaya, utaweka soli ya ndani ya ziada. Inawezekana, lakini kwa umri wake akijikwaa je? Mpelekeni kwa fundi. Amchoree nyayo zote mbili kwenye karatasi, apime kuzunguka sehemu tatu, na pale penye kinundu akitengenezee nafasi kwenye kalibu, anabandika kipande cha ngozi juu yake kabla ya kuvalisha. Kiatu kinatoka na nafasi yake.

Anko Mlima: Yupo fundi anayetengeneza buti za wapagazi wetu, hapo mjini. Kesho nampeleka Bibi na gari.

Alhamisi

Anko Mlima: [picha] Bibi kachorwa. Kamwambia fundi mchoro wa kulia haujafanana naye, achore tena.

Shangazi Kibosho: Na akachora?

Anko Mlima: Akachora. Wa pili umezidi wa kwanza milimita nne, fundi mwenyewe kashangaa. Wa kwanza Bibi alikuwa hajaegemea mguu, alikuwa anaogopa kumkanyaga mbwa.

Mamdogo Anna (Dar): Lini vinakuwa tayari? Sendofu ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Anko Mlima: Fundi kasema Alhamisi.

Mama Glori: Alhamisi ya kalenda au Alhamisi ya fundi?

Anko Mlima: Nimemwachia nusu ya hela tu.