Mjane akiandikiwa shamba kwa jina lake, ukoo unapoteza nini?

Mleta mada, Donholm
Kila wikendi tunachanga hapa Nairobi kusafirisha maiti nyumbani: jeneza, basi, hema, sufuria za kukodi. Tunatoa bila kinyongo. Basi likisharudi mjini, hata matanga hayajaanuliwa, mashemeji wameanza kung'oa miti ya mpaka.

Msimamo wangu ni huu: shamba la marehemu liwe la mjane kabisa, hati kwa jina lake. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1981 inampa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumba viwe mali yake, lakini shamba ni la kutumia akiwa hai tu, na kuuza ni mpaka korti iridhie. Tena iliandikwa kwamba mke akiolewa upya haki hiyo inakatika, huku mgane akioa hata kesho anaendelea kuvuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Anayetetea ukoo aje.

Mzee wa Kawangware
Nimekuja. Shamba la nyumbani si ploti ya kununua Kitengela, dada. Pale pana makaburi ya watu wetu. Mjane akibanwa na karo atamkatia mgeni ekari moja, na mgeni ataweka ua mpaka kwenye njia ya kisimani. Nimewaona vijana wa nyumba kama hiyo. Wanafanya kazi hapa mjini, na Desemba ikifika hawana pa kwenda. Simnyimi mjane. Alime, avune, azikwe pale. Hati iwasubiri watoto.

Kijana wa Roysambu
Mzee wangu, ni wanaume wangapi wameuza ekari wakanunua pikipiki, na wazee wa ukoo wakawa mashahidi? Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na mke wa muuzaji anapaswa kuulizwa. Mjane naye apite hapo hapo, watoto wake wakubwa waulizwe. Kizuizi kipo tayari kwa wote, cha nini kumwongezea yeye cha pili?

Shangazi wa Kayole
Nyinyi mnagombania kuuza, mimi bado natafuta ruhusa ya kupanda mahindi. Mume wangu alilima pale, akajenga pale, akazikwa pale. Nilipofanya sachi, yaani kuulizia ofisi ya ardhi shamba ni la nani, jina lililotoka kwenye rejista ni la babu yake, aliyekufa mimi sijaolewa. Kwa karatasi, marehemu hakuwa na shamba hata la kuotesha sukuma wiki. Kwa hivyo nianze na mirathi ya babu: wake zake wawili, watoto wa nyumba zote mbili, kila mmoja atie sahihi. Wengine sijui wanaishi wapi.

Korti inataka barua ya chifu inayotaja warithi. Chifu akaniambia nirudi na wazee wa ukoo. Na wazee wenyewe ndio walioketi wakasema mahari haikumalizika, kwa hiyo mimi si mke. Miaka yote hiyo nilikuwa mke wa kuwapikia wageni wao, deni la ng'ombe likakumbukwa kaburini.

Mleta mada, Donholm
Pole sana, shangazi. Hapo ndipo mzee wetu anapopita haraka. Mwaka 1987 mwili wa wakili S.M. Otieno, mtu wa Nairobi, ulipiganiwa kortini miezi mitano. Mkewe Wambui alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukashinda, akazikwa kwao Nyalgunga, Siaya. Ile ilikuwa kesi ya kaburi, lakini somo lilienea vijijini: neno la mwisho juu ya marehemu ni la ukoo, mjane ni wa kusikiliza. Anayeamua kaburi huona rahisi sana kuamua na shamba.

Karani wa mirathi, Ngara
Niweke mambo mawili matatu. Katika kuomba usimamizi wa mali, sheria humtanguliza mume au mke aliyebaki. Ombi likichapishwa kwenye Gazeti Rasmi, wapinzani wana siku 30, na hapo ndipo mjane asiyejua hupitwa, shemeji anaomba kimya kimya. Si lazima aje korti kuu ya Milimani hapa Nairobi; mahakimu nao husikiliza mirathi, hakimu mkuu mpaka mali ya shilingi milioni 20. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi: faini isiyozidi shilingi 10,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shilingi elfu kumi! Mtu anauza mbuzi, analipa, anarudi kulima.

Mzee wa Kawangware
Kwa mambo ya babu na barua ya chifu sibishani, wazee wengine wametuaibisha. Chifu aandike alichokiona, mahari aachane nayo. Kwa kuuza sijahama. Jina la mama liandikwe pamoja na la watoto.

Shangazi wa Kayole
Wangu ni wadogo, mzee. Nimeambiwa kwa sababu hiyo lazima tuwe wasimamizi wawili, na shemeji ameshajipendekeza. Yule yule wa miti ya mpaka. Karani, nimwandike nani?

Karani wa mirathi, Ngara
Wawili ni kweli, maana mali inashikwa kwa niaba ya watoto. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba wa pili atoke ukoo wa mume. Dada yako akikubali, nenda naye, mbebe vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Barua ya chifu ikikwama, eleza kwa kiapo ulivyozungushwa na uombe korti imwite chifu mwenyewe.