Fundi kaniharibia reki ya mashine ya vizibo, halafu ananiambia "yatazoeana"!

Wakuu, kwa hasira niliyonayo sasa hivi naweza kufunga kreti nzima ya chupa kwa meno yangu mwenyewe.

Mnamjua. Yule yule wa mashine ya kukereza, redio inaunguruma tangu saa moja asubuhi, kalamu sikioni ambayo haijawahi kuandika hata tarehe. Simtaji. Nusu ya mageti yanayolia usiku mji huu kayatengeneza yeye.

Natengeneza soda ya tangawizi nyumbani, chupa za kioo, vizibo vya bati. Miezi minne nimefunga kwa kile kifungio cha mbawa mbili: ukizidisha mkono mmoja kidogo tu, kizibo kinakaa upande na gesi yote imekwenda kabla hakujakucha. Nikaamua kuunda cha kusimama. Nguzo ya chuma, mkono pembeni, pinioni, ile gia ndogo, inashusha reki, yaani chuma kilichonyooka chenye meno ubavuni, wima juu ya chupa. Pinioni nilikuwa nayo, moduli 2 (moduli ndiyo kipimo cha ukubwa wa meno), meno 15, nimeitoa kwenye drili mbovu ya kusimama. Kutoka katikati yake hadi kwenye meno ni milimita 15, mkono ni milimita 450, kwa hiyo nguvu inazidishwa mara 30. Ukibonyeza kilo 10, chini zinafika karibu 300 ukiacha msuguano. Mwanangu wa miaka kumi angefunga chupa huku anakula muhogo. Ilibaki reki. REKI TU.

Nikampa mchoro. "Moduli 2" nimeiandika kwa wino mwekundu na kuizungushia duara. Nikamwachia na pinioni yenyewe ili apime. Wiki tatu za "njoo kesho". Leo nafika, reki imepakwa rangi ya fedha, inameta. Naipachika, krrrr, jino linapanda juu ya jino. Natoa vania yangu ya kupimia: toka jino hadi jino milimita 4.71. Yangu inataka 6.28. Kakata moduli 1.5! Yaani meno manne yake ndiyo matatu yangu. Namwonyesha. Anapuliza vumbi, anaitazama, anasema mbele ya wateja wote:

"Mzee, we zungusha tu, yatazoeana."

Yatazoeana! Chuma na chuma! Kwani nimewaletea posa?

Nikadai 80,000 yangu, akawageukia vijana wake: "Hivi hii si ya kukamulia ndimu?" Wakacheka mpaka mmoja akazima grenda. La ndimu nimemsamehe. Ila yatazoeana? Nimepanda daladala nalisikia, nimefika nyumbani nalisikia, mke wangu kaniuliza chakula nipakue, nikamjibu "yatazoeana".

grenda_moto: Huyo huyo! Bushi ya pampu yangu kaikereza nene kuliko tundu, akasema "ipige nyundo, itaingia". Iliingia. Pampu ikapasuka.

mama_kreti: Baba, soda ya tangawizi inauzwa kila duka. Kwa 80,000 ungekunywa mpaka Idi.

mwenye uzi: Mama, sikufungua uzi wa bei ya soda. Katamka YATAZOEANA mbele za watu!

vania_mkononi: Mkuu, na wewe una lako. Kwenye drili ya kusimama, lile bomba linaloshuka na kekee lina meno ya reki ubavuni. Ilikuwa hapo hapo! Umeitupa wapi?

mwenye uzi: Meno ya bomba ndiyo yaliyokatika, ndiyo maana ikaitwa mbovu! Angalau soma kabla hujaandika.

grenda_moto: Yangekuwa mazima, yangeshazoeana 😂😂

kondakta_mstaafu: Na kengele ya kubana kizibo alikereza yeye pia? Maana hiyo nayo ikikosewa umekwisha.

mwenye uzi: Hapana, nilimpa mwingine. Inabana kwa milimita 28.6, kizibo kinakaa safi, meno yote 21 yamelala.

kondakta_mstaafu: 24.

mwenye uzi: 21. Chukua kizibo uhesabu.

vania_mkononi: 24 ni vile vya mwanzo, vya Painter, yule Mmarekani aliyevibuni na kuvisajili 1892. Vya sasa ni 21.

kondakta_mstaafu: Nimehesabu hapa. 20.

mama_kreti: Rudia, ukianzia penye alama ya wino.

kondakta_mstaafu: 22.

grenda_moto: Kilichokuwa ndani ya hiyo chupa kilikuwa soda kweli?

mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Reki ninayo mezani, pinioni haigeuki juu yake hata nusu duara, na mtu kaniangalia usoni akaniambia...

binti_wa_chang'ombe: Mnalilia meno ya chuma! Mimi fundi cherehani kanishonea suruali ya kaka yangu, mguu mmoja unagusa kiatu, wa pili unaishia kwenye ugoko. Ananiambia "akitembea itanyooka". Harusi Jumamosi!

mama_kreti: Uwiii! Na kitambaa kilikuwa chako?

binti_wa_chang'ombe: Mita tatu, na pesa yote nilishalipa.

grenda_moto: Malipo yote mbele kwa fundi cherehani? Dada, nani alikufundisha hivyo?

kondakta_mstaafu: 21. Samahanini. Weka picha ya suruali.