Kusaka jeni za skizofrenia: tunapata nini hasa?

Wakuu, hili limenikaa kichwani muda. 2014 watafiti walitangaza maeneo 108 kwenye vinasaba yanayohusishwa na skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, 2022 yakafika 287 baada ya kupima wagonjwa zaidi ya 76,000. Sawa, hongera zao, ila mgonjwa yuko palepale. Dawa yake ya chlorpromazine ilianza kutumika miaka ya 1950 hata jeni hazijulikani, na dawa mpya iliyopitishwa Marekani 2024 nayo haikutoka kwenye huu msako. Hizo hela si bora ziende kwenye dawa na wahudumu?

— Mkuu unakimbilia mwisho. 2016 waliibana jeni inaitwa C4, inahusika na kupogoa miunganiko ya seli za ubongo, sasa angalia ugonjwa wenyewe mara nyingi unaanza lini, ujanani hadi miaka ya ishirini, yaani umri uleule ubongo unapojipunguzia miunganiko! Utatengenezaje dawa ya kitu usichojua kinaharibika wapi?

— C4 nayo inaongeza hatari kidogo tu, tusiikuze. Na pacha wa kufanana wana jeni zilezile lakini mmoja akiugua, mwenzie anaugua nusu ya mara au chini ya hapo. Kuna mengine yanayoongeza hatari: bangi ipo, njaa wakati wa mimba ipo, Uholanzi waliona hatari imepanda kwa watoto waliotungwa kwenye ile njaa ya vita 1944-45.

— Ngoja niseme la kwangu. Mdogo wangu anaumwa, na mama alibebeshwa lawama miaka yote kwamba kamlea vibaya, wengine wakasema laana. Siku daktari alipomwelezea kuwa kuna kurithi ndani yake na hakuna alichokosea, mama alilia. Kwa hiyo mkinambia huu utafiti hauna faida kwa familia nawashangaa kweli.

— Pole sana ndugu. Ila neno hilohilo "kurithi" ndo linanitisha mimi. Ujerumani 1933 walipitisha sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa lazima na skizofrenia ilikuwemo kwenye orodha. Leo hawatakuja na kisu, watakuja na fomu ya bima au wazee wa upande wa mchumba. Na kwa kipimo gani? Alama za jeni, yaani hesabu ya hatari inayojumlishwa kutoka jeni nyingi, haziwezi kukwambia fulani ataugua, halafu sampuli nyingi ni za watu wenye asili ya Ulaya, kwetu zinakosea zaidi.

— Ndo maana NeuroGAP, mradi wa utafiti wa jeni za magonjwa ya akili Afrika, wamekusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Au tuwaachie tena wenzetu?

— Mleta mada narudi. Huyo wa mama kanigusa, hilo sikuliwaza. Basi nakubali utafiti uendelee, ila kupima kijana mzima asiye na dalili yoyote eti tujue mapema, hapo bado napinga. Utampa majibu gani, na akishayapata afanye nini?