Doria inapita, mitego ya waya inabaki msituni: tunakosea wapi?

Mlinzi_Kijiji
Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu cha ulinzi wa msitu kina watu wanane, na kila doria tunaongozana na askari wa wanyamapori. Tunafuata njia za kawaida, tunatoa mitego tunayoiona, lakini paa na nguruwe pori wanaendelea kunaswa kulekule tulikopita. Naomba mwongozo: watu wapangwe vipi, macho yatafute nini, na mnyama akikutwa hai kwenye waya tufanyeje? Pia tutajuaje kama mitego inapungua kweli?

DoriaMiguu
Mkuu, umeshajijibu uliposema "njia za kawaida". Mtegaji anazijua hizo njia kuliko nyinyi, kwa hiyo anaingia pembeni, anatafuta mapito ya wanyama yanayoelekea majini, kwenye miti inayodondosha matunda au kwenye chumvi, anatega hapo.

Tokeni njiani. Watu wanane wapange mstari mmoja, mita 5 kati ya mtu na mtu penye kichaka kizito, hadi 10 penye uwazi. Wa pembeni ashike GPS au dira, wengine wajipange kwake. Mmoja akisimama, wote wasimame. Mstari ukikatika katikati, pale ndipo mtego unaposalimika. Na msiharakishe: penye kichaka, kilomita moja kwa saa inatosha kabisa.

Waya wenyewe ni vigumu kuuona, hasa ule wa breki za baiskeli ulioshika kutu, kwa sababu unafanana na mzizi. Tafuteni kazi ya mikono ya mtu: mti mchanga uliopinda kileleni kuelekea chini bila sababu, kisiki chembamba kilichokatwa mshazari kwa panga na bado cheupe, vijiti vilivyopangwa kama uzio mfupi wenye mianya. Kila mwanya kwenye uzio huo una kitanzi. Cha paa huning'inia karibu na ardhi, cha nguruwe huwa juu kidogo. Cha mguu hakining'inii. Kimelazwa juu ya kishimo na kufunikwa majani, na majani hayo huwa makavu kuliko ya jirani.

Mkipata mmoja, msifurahi mkasonga mbele. Mitego hutegwa kwa safu. Fuateni pito hilohilo angalau mita 50 kila upande.

Kutegua nako kuna hatari. Mti uliopindwa una nguvu ya kuvunja taya. Mtu mmoja aushike na kuuzuia kwanza, mwingine akiwa pembeni, uso mbali, afyatue kishikizo (kijiti kinachoushikilia mti ubaki umepinda) kwa fimbo ndefu. Piga picha na andika eneo kabla ya kugusa chochote. Kisha toeni waya wote, pamoja na kipande kilichofungwa mtini, bomoeni uzio, fukieni kishimo. Waya uliotupwa kichakani utaokotwa na kutegwa tena, kwa hiyo kila kipande kitoke msituni kikahesabiwe. Vile vya nailoni msividharau: havishiki kutu, vinaweza kuendelea kunasa muda mrefu baada ya mwenyewe kuvisahau.

Tabibu_Pori
Naongezea kuhusu mnyama aliye hai. Kosa kubwa ni kundi zima kumzunguka. Akipapatika kwa hofu na joto, misuli yake huharibika ndani kwa ndani. Mnaweza kumwachia akakimbia vizuri, kisha akafa saa au siku chache baadaye. Rudini nyuma, nyamazeni, askari ampigie daktari wa wanyamapori.

Paa mdogo wanaweza kumhudumia watu wawili waliofundishwa, wakiwa na glavu: nguo nzito kichwani ifunike macho bila kuziba pua, miguu ishikwe pamoja, waya ukatwe kwa plaizi kwenye kitanzi chenyewe, karibu na ngozi. Ukiukata upande wa mti tu, anaondoka na mkia wa waya unaonasa kwenye vichaka na kuzidi kukaza hadi mfupani. Nguruwe, nyati, chui na sokwe msiwasogelee kabisa bila daktari mwenye dawa ya usingizi. Na sokwe si mlengwa wa mitego hiyo: Budongo, Uganda, wengi wamelemaa viganja au kupoteza vidole kwa waya uliotegewa paa na nguruwe.

Aliyekufa asiliwe wala asibebwe nyumbani. Huyo ni ushahidi, na pia anaweza kuwa na maradhi.

Ramani_na_Daftari
Kuhusu kupungua: idadi ya nyaya peke yake inadanganya. Mkitembea mara mbili zaidi mtapata nyingi zaidi, mtadhani ujangili umeongezeka. Gawanyeni idadi kwa kilomita mlizotembea, na doria iliyopata sifuri iandikwe pia. Kila mtego uandikwe kama ni mpya au wa zamani, umetegwa au umetelekezwa. Programu ya SMART, ya kurekodi taarifa za doria, inafanya hesabu hizi bure, ila hata daftari linatosha.

Gaweni ramani kwa miraba ya kilomita moja na mchague kwa kura asubuhi ileile ya doria. Mpango ukitangazwa jana yake, mtegaji ameshaupata kabla hamjalala.

Lakini msitegemee kuondoa tu. Kwenye hifadhi za saola (mnyama adimu wa msituni mwenye pembe ndefu) huko Vietnam, zaidi ya nyaya 100,000 ziliondolewa kati ya 2011 na 2019, na bado zilikuwa zikitegwa. Waya ni rahisi mno kupatikana. Lazima askari wafuatilie pia anayetega na anayenunua nyama.

Mlinzi_Kijiji
Asanteni sana wakuu. La mwisho: mtego mpya ukiachwa ili mtegaji aviziwe akirudi, ni sawa?

DoriaMiguu
Uamuzi huo ni wa askari, si wa kikundi. Wakiamua kuvizia, kwanza kitanzi kifungwe fundo kisiweze kukaza, ili mnyama asinaswe wakati wao wanasubiri. Nyinyi ondokeni kwa njia nyingine, na msiache alama za viatu kwenye pito.