Bcachefs imeondolewa kwenye Linux, diski zina harusi za watu: nibaki na DKMS au nihamie ZFS?

Fundi_Mwanjelwa:
Wakuu salaam. Nahudumia studio ya picha na video hapa Mbeya. Seva ni moja, ina diski nne na SSD ya kashe (ya kuongeza kasi), zote kwenye bcachefs, yaani mfumo wa faili unaopanga data kwenye diski. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa ndani ya kerneli (kiini cha Linux) yenyewe. Juzi nimeapdeti, mashine ikawaka vizuri ila diski za kazi hazikupanda. Nikilazimisha kwa mkono naambiwa *unknown filesystem type 'bcachefs'*. Uname, amri ya kuonyesha toleo la kerneli, inasoma 6.18. Humo kuna send-off na harusi za msimu mzima, na bosi ameshaanza kupiga simu. Kazi za watu bado zipo? Na nibaki na bcachefs kwa DKMS (chombo cha kujenga moduli, yaani kipande cha kuongeza kwenye kerneli, kila kerneli inapobadilika), au nihamie ZFS, mfumo mwingine wa faili?

Ndizi_Kyela:
Usifomati kitu! Data ipo, kilichoondoka ni msomaji wake. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB chagua kerneli uliyokuwa nayo kabla ya apdeti.

Fundi_Mwanjelwa:
Zimepanda zote. Mungu akubariki mkuu.

Baridi_Makambako:
Kamwene. Sasa umepumua, tuongee.

Bcachefs ilikuzwa nje miaka mingi, ikaingia Linux 6.7, Januari 2024. Iliyoiondoa ni mivutano ya utaratibu. Kila toleo la kerneli lina dirisha la kama wiki mbili la kupokea vitu vipya. Likifungwa, wiki zinazofuata ni za kurekebisha hitilafu tu. Kent Overstreet, mwenye bcachefs, alikuwa akipeleka mabadiliko makubwa dirisha likiwa limeshafungwa, hoja yake ikiwa kwamba mtu aliyepoteza data hawezi kusubiri toleo lijalo. Mwaka 2025, 6.16 ikiwa jikoni, alipeleka njia mpya ya kuokoa data. Linus Torvalds, mkuu wa Linux, aliipokea, lakini akasema anaona wataachana kwenye 6.17. Kweli, 6.17 ikaiandika kuwa inatunzwa nje, na 6.18 msimbo ukafutwa. Kwa maoni yangu Kent alikuwa na hoja ya maana, ila ukiwa mgeni kwenye nyumba ya watu unakula saa wanayokula wenyeji.

Kuhusu ZFS, usidhani unahamia ndani. Haijawahi kuwamo kwenye Linux kuu. Sun, kampuni iliyoiunda, waliitoa kwa leseni ya CDDL, Linux iko chini ya leseni ya GPLv2, na hizo mbili hazipatani. FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, hawana kikwazo hicho, wanayo tangu toleo la 7.0, mwaka 2008. Kwa hiyo unatoka moduli ya nje kwenda moduli ya nje, tofauti ni kwamba OpenZFS, wanaoitunza ZFS, wamezoea maisha hayo. Tena Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, wanaileta ikiwa imeshajengwa tangu toleo la 16.04, hukompaili mwenyewe.

Kijana_wa_Uyole:
Mkuu usimtishe, DKMS inafanya kazi. Hakikisha tu heda za kerneli (faili za kujengea moduli) zinaingia pamoja na kerneli yenyewe, bila hizo moduli haijengwi na utaamka asubuhi huna diski. Kama Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha mashine) imewashwa, moduli lazima isainiwe. Na kuwa ndani siyo kinga: ReiserFS, mfumo mwingine wa faili, iliingia 2001, ikaondolewa kwenye kerneli 6.13.

Baridi_Makambako:
Kijana, kwa mashine yako ya nyumbani sawa. Hii ni ya harusi za watu, nani atakesha kuangalia kama moduli imejengwa?

Fundi_Mwanjelwa:
Kaka, nilichopendea ni ile kashe ya SSD. Nikiacha bcachefs naikosa?

Baridi_Makambako:
Huikosi. Bcache ya zamani, ya kashe tu, ya huyohuyo Overstreet, iko ndani tangu 3.10, mwaka 2013, na haijaguswa. Panga diski nne kwa mdadm (chombo cha kuunganisha diski), weka bcache juu yake, halafu mfumo wa faili wa XFS. XFS nayo ilitoka nje, kwa kampuni ya SGI, ila siku hizi ni mwenyeji kabisa. Kashe iache kwenye writethrough, yaani kila kinachoandikwa kiende diskini papo hapo, maana umeme wetu unaujua.

Ila huwezi kugeuza diski hizohizo zikiwa na mzigo. Tafuta diski ya nje inayotosha yote, nakili kwa programu ya rsync, rudia mara ya pili kwa *--checksum* ili ilinganishe yaliyomo, ndipo uvunje.

Fundi_Mwanjelwa:
Ndaga fijo. Bosi amekubali kununua diski, kesho naifuata Kabwe.

Ndizi_Kyela:
Na kabla hujalala leo, zima apdeti za otomatiki. Zikifuta hiyo kerneli ya zamani kabla hujanakili, utarudi hapa unalia.