Altrasaundi kwenye mazoezi ya misuli ya nyonga: ina maana yoyote au naliwa hela tu?

Mama Wawili
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kinamama na walioko kwenye afya. Nawaomba tusitukanane.

Nina watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Tangu nimzae huyu wa pili, nikikohoa au kupiga chafya mkojo unaponyoka. Nikikimbilia daladala ndiyo kabisa. Natoka Tabata nimevaa pedi na kanga ya akiba iko kwenye mkoba. Shoga yangu akanielekeza kwa mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, huko mjini. Nilidhani nitafundishwa mazoezi nirudi nyumbani, kumbe kuna na altrasaundi. Anakupaka jeli juu kidogo ya kinena, anaweka kile kidude, anakugeuzia skrini uone kibofu chako mwenyewe, kisha anakwambia bana misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo.

Kila nikienda nalipa, bima hailipii. Mume wangu anauliza mimba iko wapi mpaka nipigwe altrasaundi kila mara. Swali langu ni hili: hiyo picha ina kazi gani kwenye mazoezi? Siwezi kubana mwenyewe nyumbani nikaokoa hela?

Mtoto wa Gerezani
Pole dada. Mimi haya siyajui ila umenikumbusha bima. Juzi nimekaa dirishani tangu asubuhi, nafikiwa naambiwa kadi haisomi. Mke anaumwa jino na mimi nabishana na kompyuta. Tunakatwa kila mwezi jamani.

Shangazi wa Pwani
Mwanangu, tatizo lenu hamkandwi. Sisi mzazi alikaa ndani siku arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, ndoo haigusi. Nyie kichanga hakijakauka kitovu mmeshapanda mwendokasi. Bibi yangu alizaa tisa na sikuwahi kumsikia akilalamika mkojo. Tafuta shabu, upate na somo mzuri akuelekeze, utarudi kama binti.

Mnyoosha Viungo
Shangazi shikamoo. Kupumzika na mkaja sigombani navyo, na ndoo kweli asibebe. Ila shabu hapana. Inakausha na kuchubua uke, na misuli tunayoizungumzia haifikiwi na kitu cha kupaka. Bibi zetu nao walivuja, wakanyamaza.

Mama Wawili, mimi ni mfiziotherapia. Siwezi kukutibu kwenye uzi, nitakueleza tu. Misuli hiyo imetandazwa kama machela, kuanzia mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, na juu yake kuna kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Ukibana sawasawa inapanda na kuvutika mbele. Ukikosea unasukuma chini kama anayelazimisha choo, na anayesukuma chini anaamini kabisa kwamba anabana. Mwaka 1991 kule Marekani, mtafiti Bump na wenzake walichukua wanawake 47 wakawaelekeza kwa maneno tu, kisha wakawapima. Waliobana inavyotakiwa walikuwa 23. Wengine 12 walifanya kwa namna ambayo ingeweza hata kuzidisha kuvuja. Kegel mwenyewe, aliyeandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948, hakumwacha mtu abahatishe, alikuwa na kifaa chake cha kupimia nguvu ya kubana.

Kazi ya altrasaundi ni hiyo: unaona palepale kama kitako cha kibofu kinanyanyuliwa au kinasukumwa chini. Haina mionzi, na yenyewe haitibu kitu. Kinachotibu ni mazoezi.

Sasa nijibu. Mkojo unatoka muda wote, hata ukiwa umelala, au ukikohoa tu? Ulichanika wakati wa kujifungua? Choo na hewa unavizuia? Nauliza hivi kwa sababu mkojo ukitiririka usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu, hapo tunafikiria fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaitibu bila malipo.

Mama Wawili
Asante sana mkuu. Usiku nalala mkavu. Ni kukohoa, kucheka na kukimbia tu. Na mazoezi nayafanya kila siku, sijalala. Ndiyo maana naona naweza kuendelea mwenyewe.

Kijana wa Kimara
Watu wanadhani haya ni ya wanawake peke yao. Mzee wangu alitolewa tezi dume, baada ya hapo mkojo ukawa unamtoka akiinuka tu kwenye kiti. Mtu aliyekuwa safu ya mbele msikitini akaanza kusali nyumbani. Alipopelekwa fiziotherapia akawekewa kile kidude kwenye msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, akaonyeshwa anavyobana. Alikuja juu siku ya kwanza, hajawahi kuona udhalilishaji kama ule! Siku ya pili akawahi kuamka kuliko mimi niliyekuwa nampeleka. Amerudi safu ya mbele.

Binti Mnyamwezi
Mama Wawili, umeulizwa mambo matatu umejibu moja. La kuchanika na la choo umeyaruka. Sisemi kwa ubaya.

Mama Wawili
Sikutaka kuliandika hili.

Nilichanika. Mtoto alikuwa mkubwa, kilo nne na ushee. Wakati nashonwa nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba imefika kwenye msuli wa nyuma. Hakuna aliyenieleza zaidi, nikaruhusiwa. Hewa siizuii. Kazini kwenye vikao nakaa karibu na mlango. Choo kikiwa laini nisipowahi nachafuka.

Mfiziotherapia sijamwambia. Nilimwambia habari ya mkojo tu. Mara ya mwisho akasema sasa anataka kupima kwa chini, kwenye msamba, nikakataa. Ni kijana, umri wa mdogo wangu wa kiume. Nikawapigia mapokezi kwamba sitarudi. Nimeona video mtandaoni, unakatisha mkojo katikati ukiwa chooni, nafanya hivyo na nahisi nafuu. Na kibofu si kimeshaonekana kwa tumboni? Cha chini cha nini tena? Naomba mnielewe, siyo kwamba napuuza.

Jicho Halilali
Wakuu hii ni chai, tena ina tangawizi. Akaunti mpya, uzi wa kwanza, mara "mfupa wa kinena", mara "msamba". Anatokea mtaalamu na mwaka 1991 mkononi. Halafu mzee wa Kimara naye amepona kwa kidude hichohicho. Hao watatu ni mtu mmoja anatafuta wateja. Kesho mtaona namba ya simu.

Mtoto wa Gerezani
Mimi nilianza kuhisi pale kwenye bei hazitajwi.

Kijana wa Kimara
Niko humu miaka, Jicho. Fungua nyuzi zangu, nusu ni za kuku wa kienyeji. Baba yangu simfanyii utunzi.

Shangazi wa Pwani
Hata kama ni chai, mwanamke wa Pwani ananyamaza. Mambo ya ndani hayaanikwi mbele ya wanaume.

Binti Mnyamwezi
Shangazi, amenyamaza mpaka anakaa karibu na mlango kwenye vikao.

Mama Wawili
Jicho, sina namba ya kuweka na jina la kliniki silitaji. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani mume wangu anaijua.

Kama unadhani natunga, ngoja nikueleze nilichokiona. Kibofu ni doa jeusi, chini yake kuna mstari mweupe. Nilipoambiwa bana, ule mstari ukashuka. Nikabana kwa nguvu zaidi, ukashuka zaidi, na tumbo langu likatuna mpaka kidude kikasogea. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi miezi kabla ya kwenda pale, nikijua nayaweza. Akaniambia achia makalio, toa pumzi taratibu, halafu vuta kama unazuia hewa isitoke. Mstari ukapanda kidogo sana, ukatetemeka, ukarudi. Akafurahi, akasema hapo hapo, rudia. Aliposema "kama unazuia hewa" moyo ulinilipuka, maana hicho ndicho nisichokiweza, na sikumwambia.

Mnyoosha Viungo
Mimi kliniki sina, nimeajiriwa, na sitaki PM ya mtu. Tuendelee na mgonjwa.

Dada, ungemwambia hilo la hewa siku ya kwanza, angeanzia chini. Kipimo cha tumboni kinaonyesha kitako cha kibofu kikisogea, basi. Njia ya haja kubwa hakioni. Hata kwa kibofu chenyewe kina mipaka, maana hakuna mfupa kwenye picha wa kupimia umepanda kiasi gani, na tumbo likituna kama lako lilivyofanya, picha inadanganya. Kwenye msamba picha moja inakuonyesha mfupa wa kinena, njia ya mkojo, shingo ya kibofu, uke na mwisho wa utumbo, na ule msuli unaozunguka nyuma ya utumbo na kuuvuta mbele ukibana. Msuli wa kufungia haja kubwa nao unaweza kuangaliwa kwa chini, kama umeunga au umeachana. Uliyemsikia akisema imefika kwenye msuli alikuwa anazungumzia daraja la tatu la kuchanika, yaani mpaka kwenye msuli huo wa kufungia haja kubwa. Hilo halimhusu mfiziotherapia peke yake, umwone na daktari wa kinamama. Msuli ulioachana huuungi kwa mazoezi ya chooni.

Na hilo la kukatisha mkojo liache leo. Unajizoesha kubakiza mkojo kwenye kibofu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwa mkojo unaovuja ni kubana mara 8 au zaidi, mara tatu kwa siku, miezi mitatu angalau, ukiwa na mtu anayekusimamia. Uwe umelala au umekaa, siyo wakati unakojoa.

Kuhusu hela, sikufichi. Mwaka 2020 kule Uingereza walifuatilia wanawake 600 wanaovuja mkojo. Nusu walifanya mazoezi pamoja na mashine inayoonyesha umeme wa misuli, nusu mazoezi tu. Baada ya miaka miwili hawakutofautiana. Ile haikuwa altrasaundi, lakini ukishajua kubana huhitaji skrini kila wiki. Mwulize wazi: lini tunapima tena, na katikati nifanye nini nyumbani?

Kuhusu yule kijana, una haki ya kuomba mwanamke. Una haki ya kuingia na mtu wako, kufunikwa kanga, na kusema basi katikati ya kipimo. Kidude kinavalishwa glovu au kondomu na kinagusa juu ya ngozi, hakiingizwi.

Jicho Halilali
Haya, angekuwa anauza angetaja kliniki. Nimenyamaza. Ila mume aambiwe, hela inatoka kwake.

Mama Wawili
Hela ni yangu Jicho, nina kazi. Mume nitamwambia nikishapima, siyo kabla. Hapo msinishauri.

Nimewapigia asubuhi hii. Wana dada anayekuja Alhamisi, nimepangwa kwake, na wamesema nije na karatasi za kuruhusiwa baada ya kujifungua. Karatasi imeandikwa "ameshonwa" tu. Nimwambieje? Na niende na mkojo au nikojoe kwanza?

Mnyoosha Viungo
Mwandikie kwenye karatasi kama ulivyotuandikia hapa, mpe asome, usijilazimishe kuyatamka. Kwa kipimo cha tumboni, kojoa saa moja kabla, kisha unywe maji kama nusu lita na usiende chooni tena. Cha msamba wengine wanataka ukojoe kwanza, atakuelekeza hukohuko. Vaa sketi, siyo suruali.

Binti Mnyamwezi
Alhamisi kuanzia saa nne niko huru, na mimi natokea Tabata. Kama hutaki kuingia peke yako niandikie PM.