Ndimu, siki au mtindi: kipi nipake kwenye madoa ya chunusi?

BintiPangani: Jamani, chunusi zimeisha ila zimeniachia madoa meusi mashavuni. Jikoni nina ndimu, siki ya tufaha na mtindi. Aliyewahi kutumia aniambie kipi bora.

MamaZu: Mwanangu, ndimu usiiguse. Nilipaka Jumamosi asubuhi, nikatoka kuanika mpunga. Siku ile sikuona kitu. Jumatatu naamka shavu jekundu, limejaa malengelenge. Yalipokauka yakaacha baka jeusi kuliko lile doa nililotaka kulitoa, likakaa miezi minne.

Salha_Maabara: Pole sana mama. Ndimu ina kemikali za furokumarini. Zikiwa ngozini, jua likapiga, ngozi inaungua, na majeraha hujitokeza siku moja au mbili baadaye, ndiyo maana wengi hawaishuku ndimu. Hata wanaokamua ndimu juani hupata mabaka mikononi. Halafu kuna ule ukali. Ngozi ina pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya karibu 5, maji ya ndimu 2 hivi. Kila namba moja ukishuka, asidi inazidi mara 10, kwa hiyo hapo ni kama mara 1,000. Siki iko kati ya 2 na 3. Mtindi ni 4 na kitu.

Rama_K: Siki natumia mwaka wa pili sasa, kijiko kimoja kwa vikombe viwili vya maji, sijaungua. Nyie mnapaka tupu.

Salha_Maabara: Kaka Rama, ukiizimua hivyo nafuu ipo, sibishi. Lakini pH yake bado ni 3 hivi, na wewe huna vidonda. Aliyetumbua chunusi jana akiloweka pamba ya siki akaifunga usoni usiku kucha, ataamka na jeraha. Watu wameungua hivyo.

BibiLiwa: Sisi Unguja tunasinga, yaani tunasugua ngozi, kwa liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri, na maji ya mawaridi. Siku hizi naona mabinti wanakamulia ndimu ndani ya singo ati bibi harusi ang'are. Inaniuma, maana huyo wiki nzima hiyo anapigwa picha juani.

BintiPangani: Basi mtindi?

Salha_Maabara: Katika hivyo vitatu ndio wenye madhara kidogo, uwe usio na sukari wala ladha. Jaribu kwanza ndani ya mkono, subiri kesho yake. Usoni dakika kumi, suuza. Ila nisikudanganye mdogo wangu, asidi yake ni kidogo, madoa hautayatoa. Kinachosaidia zaidi ni kujikinga na jua, krimu ya kuzuia jua iliyoandikwa SPF 30 kila asubuhi, maana jua ndilo linaloyakoleza. Yakigoma, nenda kwa daktari wa ngozi.

BintiPangani: Dada Salha, ukweli ni kwamba asubuhi hii nilishapaka ndimu shavu la kushoto. Bado sijatoka nje.

Salha_Maabara: Nawa sasa hivi kwa sabuni na maji mengi, na mikono pia. Leo na kesho kaa ndani. Ukilazimika kutoka, jitande mtandio shavu lote lifunikwe. Likianza kuwasha au kuvimba, wahi zahanati.

MamaZu: Nenda kanawe kwanza mwanangu, mengine utaandika baadaye.